Ndege wa kijani mwenye mdomo mwekundu: mjue cherero kabla hujamfukuza shambani

Mtama umeanza kutoa masuke, uwele unajaza, na kama kawaida simu zimeanza: "Afisa, ndege wameingia." Swali langu la kwanza huwa ni moja tu: ndege gani?

Wengi hawana jibu. Wanasema "ndege wa mdomo mwekundu", basi. Sasa hapo ndo penye tatizo, maana ndege wenye mdomo mwekundu wanaokula nafaka huku kwetu sio aina moja. Mmoja ni kweleakwelea, adui wa kweli anayeweza kukumalizia shamba kwa siku chache. Mwingine ni cherero, kasuku mdogo wa kijani, ambaye hasara yake unaweza kuihesabu kwa kilo. Ukiwachanganya hawa wawili utatumia hela vibaya, au utajiingiza kwenye kesi ambayo hutaisahau. Kwa hiyo leo tumsome cherero: sura yake, maisha yake, hasara yake, na sheria inasemaje juu yake.

Huyu ni wa kwetu, sio wa kuletwa

Mtu akisikia kasuku mdogo wa kijani, akili inakimbilia Amerika Kusini, kwenye misitu ya Brazil na mbuga za Argentina. Ni kweli kule wapo wa kila namna. Lakini na sisi tuna wetu. Kundi la cherero, ambalo wataalamu wanaliita Agapornis, lina aina tisa. Nane ziko bara la Afrika na moja iko kisiwa cha Madagaska.

Yule wa kwetu kwa jina la kisayansi anaitwa Agapornis fischeri. Jina hilo limetokana na Gustav Fischer, daktari na msafiri Mjerumani aliyepita kusini mwa Ziwa Victoria miaka ya 1880. Mtaalamu wa ndege Anton Reichenow ndiye aliyemwandika rasmi mwaka 1887, mwaka mmoja baada ya Fischer kufariki. Babu zetu walikuwa wanamfahamu siku zote, ila kwenye vitabu vya wazungu aliingia mwaka huo.

Jambo la kushika ni hili: makao ya asili ya ndege huyu ni kaskazini mwa Tanzania, kusini na kusini-mashariki mwa Ziwa Victoria, mpaka Serengeti. Miaka ya ukame ameripotiwa pia Rwanda na Burundi, lakini nyumbani kwake ni hapa. Simiyu iko katikati ya nyumba yake. Ukimwona juu ya mgunga pembeni ya shamba lako Maswa, Meatu au Bariadi, unamwona kiumbe ambaye wageni wanakata tiketi ya ndege kuja kumtazama.

Sura yake: anza kichwani, shuka mpaka mkiani

Ukubwa wake ni mdogo. Urefu kutoka mdomoni mpaka ncha ya mkia ni kama sentimita 15, yaani karibu nusu ya rula ya shule. Uzito wake ni kati ya gramu 43 na 58 hivi. Akikaa anaonekana mnene, kichwa kikubwa, shingo fupi, mkia mfupi.

Mkague hivi:

1. Mdomo. Mwekundu uliokolea, mnene, umepinda kwenda chini kama ndoano. Juu kabisa, pale ulipoungana na uso, kuna sehemu nyeupe.
2. Jicho. Limezungukwa na duara jeupe la ngozi lisilo na manyoya. Duara hili linaonekana kwa mbali, utadhani kavaa miwani.
3. Uso na kichwa. Paji la uso na mashavu ni rangi ya chungwa inayoelekea nyekundu. Ukipanda utosini rangi inafifia kuwa kahawia yenye ukijani.
4. Shingo na kifua cha juu. Njano ya dhahabu, ikishuka inachanganyika na kijani.
5. Mgongo, mabawa na tumbo. Kijani. Mgongoni kimekolea, tumboni kimepauka kidogo.
6. Juu ya mkia. Buluu inayoelekea zambarau. Hii utaiona vizuri anaporuka akikupa mgongo.
7. Miguu. Ya kijivu, vidole viwili mbele na viwili nyuma. Ndiyo maana anashika suke na kulipanda kama fundi aliye kwenye ngazi, mdomo ukiwa mguu wa tatu.

Dume na jike wanafanana. Usimwamini mtu anayekwambia anawatofautisha kwa kuwatazama tu. Makinda yaliyotoka kiotani rangi zao zimefifia, na mdomo wa juu huwa na weusi kidogo pale unapoanzia.

Na wale wa bluu au njano tupu mnaowaona kwenye picha mtandaoni? Hao ni matokeo ya kuzalishwa vizimbani kwa miaka mingi. Cherero wa porini ni wa kijani.

Kuna ndugu yake wa karibu, mwenye kichwa cheusi na kola ya njano shingoni. Huyo makao yake ni katikati ya nchi, Dodoma mpaka Iringa, na kwa kaskazini upande wa Arusha. Duara jeupe la jicho analo pia, kwa hiyo tazama kichwa: chungwa ni wa kwetu, cheusi ni wa kule.

Usimchanganye na kweleakwelea

Kweleakwelea ni mdogo zaidi, gramu 15 mpaka 20 tu, sawa na shomoro. Rangi yake ni ya majani makavu yenye michirizi. Dume wakati wa kuzaliana ana mdomo mwekundu na uso mweusi. Mdomo wake ni mfupi na umenyooka kama koni, haujapinda. Hana kijani popote.

Tofauti kubwa zaidi ni mwenendo. Kweleakwelea huja kama moshi: kundi linajikunja na kujikunjua hewani, la nyuma linaruka juu ya la mbele, shamba zima linavuma. Cherero huja wachache, mara nyingi kwa jozi au kundi dogo, ingawa penye chakula kingi makundi huungana. Wanaruka kwa kasi, wamenyooka, huku wakipiga kelele nyembamba kali. Utawasikia kabla hujawaona.

Kagua na chini ya suke. Cherero humenya punje, huacha maganda na vipande vimedondoka. Ni mlaji mchafu. Na anarudi kwenye mashina yale yale, hasa ya pembeni karibu na miti.

Sasa twende kwenye hesabu

Wewe ni mkulima wa biashara, usiendeshwe na hasira. Chukua kalamu.

Tufanye mfano. Cherero 30 wanaingia shambani kwako kila siku. Tuchukulie kwa hesabu ya juu kwamba kila mmoja anakula na kumwaga gramu 15. Hiyo ni gramu 450 kwa siku. Kwa siku 25 ambazo suke liko hatarini, ni kilo 11 na robo. Zidisha kwa bei ya mtama ya mnada wa kwenu.

Linganisha na kweleakwelea. Mmoja hula kama gramu 10 kwa siku. Kundi la ndege 10,000, ambalo kwao ni kundi dogo, linakula kilo 100 kwa siku moja. Wakifika milioni moja, ni tani 10 kwa siku. Kwa hao huwezi kupambana peke yako na manati.

Unaona? Cherero ni gharama ya uzalishaji, kama panya wa ghalani. Unaipunguza kwa akili. Kweleakwelea ni janga. Ukiwaona, toa taarifa siku hiyo hiyo kwa mtendaji wa kijiji na afisa ugani wa kata, ili ifike halmashauri na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Kinachotakiwa zaidi kwenye taarifa yako ni mahali wanapolala, sio wanapokula tu, kwa sababu unyunyiziaji unafanyika jioni kwenye malalo yao. Ndiyo maana kutaja ndege sahihi ni muhimu. Ukiita wataalamu kwa cherero 30, siku ukiita kwa kweleakwelea hawatakimbia.

Kupunguza hasara ya cherero

*Pandeni pamoja.* Shamba lako likiwahi peke yake au likichelewa peke yake, ndege wote wa eneo wanakula kwako. Mkikubaliana majirani kumi mkapanda wiki moja, hasara inagawanyika.

*Angalia aina ya mtama na soko lake.* Mtama mwekundu wenye tanini nyingi ni mchungu na ndege wanauogopa kidogo. Lakini wanunuzi wa viwanda vya bia wanataka mweupe, ambao ndege nao wanaupenda. Ukilima mweupe, weka gharama ya kuamia ndege kwenye bajeti tangu mwanzo, usije ukashtukia katikati ya msimu.

*Amieni kwa zamu.* Saa za hatari ni asubuhi kuanzia jua linapochomoza na jioni kabla halijazama. Mchana ndege wengi wanapumzika kivulini. Mkiwa vijana wanne wenye mashamba yaliyoungana, mnagawana zamu na kila mtu anapata muda wa kufanya kazi zake. Watoto waende shule.

*Badilisha vitisho.* Utepe wa kaseti za zamani uliokazwa ukivuma kwa upepo, vipande vya bati, madebe ya kugonga, sanamu ya mtu. Vyote vinafanya kazi siku chache tu, halafu ndege wanazoea. Kasuku ni ndege mwenye akili, kwake ndo kabisa. Hamisha sanamu, badilisha sauti, pumzisha utepe kisha urudishe.

*Vuna kwa wakati.* Hapa ndo vijana wengi wanapoteza. Kamua punje za chini ya suke. Ukiona doa jeusi pale punje ilipojishika, mtama umekomaa, hauongezeki uzito tena. Kuuacha ukaukie shambani wiki tatu ni kuwalisha ndege bure. Vuna, anika juu ya turubai mpaka ukauke vizuri, kisha hifadhi.

*Sumu hapana.* Usichovye punje kwenye kiuatilifu ukazimwaga pembeni ya shamba. Watakaoanza kufa ni kuku wa jirani, kisha njiwa, kisha bundi anayekulia panya wako. Na mtoto akiokota ndege aliyekufa akamchoma, hapo hatuzungumzii tena mtama.

Biashara ya kuwakamata: kaa mbali

Hii ndiyo sehemu iliyonifanya niandike. Kuna vijana wanapata ujumbe kwenye simu: "Natafuta cherero hai, nalipa taslimu, wewe leta tu." Mwenye shamba anaona ni bahati, ndege wanaomsumbua kumbe ni hela. Anatafuta ulimbo na nyavu.

Tulia kidogo. Hii biashara ina historia. Miaka ya 1980 cherero walikuwa wanakamatwa huku kwa wingi na kusafirishwa Ulaya na Marekani kwenye vizimba. Mwaka 1987 alihesabiwa kuwa ndege wa porini aliyeuzwa zaidi kuliko wote duniani. Sio kasuku tu, ndege wa porini wa aina yoyote. Idadi yao ikashuka sana maeneo mengi. Leo Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili linamweka kwenye kundi la viumbe wanaokaribia kuwa hatarini.

Milango ikaanza kufungwa. Kasuku wa aina hii wako kwenye mkataba wa kimataifa wa CITES tangu 1981. Marekani ilipitisha sheria ya kubana uingizaji wa ndege wa porini mwaka 1992, na Umoja wa Ulaya ukasimamisha uingizaji wao mwaka 2005, kisha ukafunga moja kwa moja mwaka 2007. Hapa nyumbani, serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyama hai kwenda nje mwaka 2016.

Na kuna Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Kwa lugha nyepesi: mnyama au ndege wa porini ni mali ya umma, hata akiwa amekaa juu ya mtama wako. Kumkamata, kumfuga au kumuuza bila kibali ni kosa. Makosa ya nyara za serikali yanaweza kuangukia kwenye uhujumu uchumi, na wenye kujua wanajua dhamana yake ilivyo. Yule aliyekutumia ujumbe hatakuwepo mahakamani. Atakayekuwepo ni wewe uliyekutwa na kizimba, huku mtaji wa msimu ukiishia kwa wakili na shamba likiota magugu.

Kuna na afya pia. Kasuku wanaweza kubeba vimelea vinavyoshambulia mapafu ya binadamu, na kinyesi chao kikikauka kikawa vumbi, unavuta. Usije ukamweka cherero kwenye banda la kuku wako wa mayai eti umhifadhi kwa muda.

Wakitoroka, inakuwaje?

Jirani zetu Kenya wanalijua hili. Cherero wetu na yule wa kichwa cheusi hawakuwa ndege wa Naivasha. Waliotoroka au kuachiwa kutoka vizimbani wakastawi kandokando ya ziwa, wakazaliana wenyewe kwa wenyewe, na leo kule kuna makundi ya machotara ambayo huwezi kusema ni aina gani.

Na wa Amerika Kusini tuliyemtaja? Kuna mmoja wa Argentina na nchi jirani, wa kijani mwenye uso na kifua cha kijivu, urefu kama sentimita 30, mkia mrefu. Kwao anasumbua mashamba ya mahindi na alizeti. Aliuzwa nje kama ndege wa kufugwa, akatoroka, na leo amejaa miji kama Barcelona, akijenga viota vikubwa vya vijiti. Somo ni lile lile: ndege kwao ana mipaka yake na maadui zake. Ukimhamisha, unahamisha tatizo.

Ngitili na miti yenye matundu

Swali la mwisho ambalo mtu angeuliza: kwa nini nijali akipungua?

Angalia anavyoishi. Cherero anataga mayai yake, kati ya 3 na 8, ndani ya tundu la mti. Jike hulalia kwa siku kama 23, na makinda hukaa kiotani kama wiki tano na nusu. Hana uwezo wa kutoboa mti mwenyewe, anategemea matundu yaliyopo kwenye miti mikubwa au iliyozeeka. Pengine anaingia kwenye viota vya zamani vya ndege mfumaji mkubwa mwenye mkia wa kahawia mwekundu, ambaye naye hapatikani nje ya ukanda huu wetu wa kaskazini na Serengeti. Miti ikiisha, na nyumba zao zimeisha.

Na porini anakula nini? Mbegu za nyasi na za migunga. Sasa tukifyeka kila mgunga, tukalima mpaka kingo za mto, tumemwachia chakula gani zaidi ya mtama wetu? Kufyeka kila kitu hakumwondoi ndege, kunamhamishia suke lako.

Usukumani tuna dawa ya hili toka zamani: ngitili. Mzee anafunga eneo la malisho msimu wa mvua, nyasi na miti vinapona, ng'ombe wanakuja kula kiangazi. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986 wakati Maswa na Bariadi bado ziko mkoa wa Shinyanga, uliifufua ngitili mpaka ikafika zaidi ya hekta 300,000. Mwaka 2002 ukapata tuzo ya kimataifa ya Ikweta. Faida yake kwako ni kuni, malisho, nguzo, asali ukiweka mizinga, na ndege kupata mbegu zao mbali na shamba lako.

Kama una ekari kumi, acha angalau ukingo mmoja wenye miti, ila usiweke mtama ukagusana nao. Upande huo panda choroko, dengu au pamba, ambazo cherero hana shida nazo. Mtama sogeza katikati. Hilo peke yake linapunguza kazi ya kuamia.

Kwa hiyo wiki hii, kabla hujapiga simu, simama pembeni ya shamba saa moja asubuhi. Tazama mdomo: umepinda au umenyooka? Tazama jicho: lina duara jeupe? Tazama mgongo: kijani? Hesabu wako wangapi na wanatokea upande gani. Ukiwa na majibu hayo manne, mimi au afisa ugani yeyote wa kata tutakusaidia haraka.

Kazi njema, na masuke yajae.